Kuku wa Kipilefti

Niliingia kwenye kamati ya ushauri ya mji kwa sababu ya saruji. Sikuwa na sifa nyingine. Baba yangu alikuwa amekwenda Tanga kumzika shangazi yake, akanogewa na upepo wa huko na ndugu aliokuwa hajawaona tangu ujana, akatuma salamu kwamba atarudi mvua zikiisha. Mvua ziliisha, zikaanza nyingine, akatuma salamu zilezile. Mimi, binti yake, nikabaki na duka lake la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Singida, na mifuko ya saruji imepangwa hadi karibu na dari. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, wakati vitu tulivyozoea kuvitafuta kama dawa ya mganga vilianza kuja vyenyewe kwenye malori.

Kila mtu alikuwa anafungua kitu. Mtu alilala hana kazi, akaamka ana kibanda. Mitumba ilitandazwa hadi kwenye ngazi za maduka, na usipoangalia ulikanyaga suruali ya mtu wakati unatafuta chumvi. Mji ulijaa, na pamoja na biashara wakaja watu wasio na pa kulala: vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi, wazee waliofiwa, na mama mmoja aliyesema anasubiri basi la Itigi, akasubiri muda mrefu mpaka tukaona haya kumuuliza basi lenyewe linakuja lini. Walilala kwenye vibaraza vya maduka yetu, na asubuhi tulipokuja kufungua tuliwaamsha taratibu ili wasituaibishe mbele ya wateja.

Halmashauri ikaona iunde kamati. Ilipewa kazi mbili: kushauri namna ya kupendezesha katikati ya mji, na kushauri cha kufanya na watu wa vibarazani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee mrefu, mpana wa mabega, aliyevaa koti la suti hata jua linapochoma, na ambaye nusu ya mji iliwahi kuchapwa naye. Alikuwepo afisa mmoja kijana wa halmashauri, aliyekuja na ramani kila kikao na kuikunja vibaya kila kikao. Alikuwepo mama mwenye hoteli pale stendi, mnene, mcheshi, aliyepika kuku ambaye abiria walimsimulia hadi Dodoma. Na nilikuwepo mimi; nadhani walimtaka baba yangu, lakini barua ilisema tu "mwenye duka la saruji."

Kikao cha kwanza kilikwisha bila kutoka kwenye jina. Afisa alisema tuwaite wazururaji. Mwalimu akamkatiza. "Kuzurura ni kwenda huku na huko. Hawa wamelala. Kitenzi hakifai."

"Basi wasio na makazi," afisa akasema.

"Makazi wanayo," nikasema. "Ni kibaraza changu."

Mama wa hoteli alikuwa anatafuna andazi la kamati. "Mimi nawaita wateja," akasema. "Asubuhi wanakunywa uji kwangu kuliko hao wafanyakazi wenu wa ofisini."

Mwalimu akaahirisha kikao ili kila mtu akafikirie neno.

Kwenye kibaraza changu alilala bibi mmoja. Alikuja mjini baada ya mumewe kufa na wakwe kugawana nyumba mlango kwa mlango, dirisha kwa dirisha, mpaka yeye akabaki na ufunguo. Ufunguo huo aliuvaa shingoni kwa kamba. Alikuwa mwembamba, mkali wa maneno, na alikohoa kwa sauti ambayo mwizi yeyote angedhani ni mbwa, kwa hiyo sikuona haja ya kuajiri mlinzi. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, naye aliitikia marahaba kisha akanieleza kasoro za kibaraza changu kama mgeni wa gesti aliyelipia chumba.

Nikashauri kamati imwite tumsikilize. Alikuja amejifunga kanga safi, akakaa kwenye kiti alichokuwa amekiacha afisa alipoenda kufungua dirisha, na afisa akamaliza kikao amesimama.

"Mama," mwalimu akaanza kwa heshima ya kiofisi, "kamati ingependa kujua, tatizo lako kubwa ni nini?"

"Mbuzi," bibi akasema.

"Mbuzi?"

"Mbuzi wa sokoni. Alfajiri wananilamba miguu. Sijui ni chumvi, sijui ni mapenzi. Nataka mlango."

"Mlango wa nini?"

"Wa kumfungia mbuzi nje. Mengine nitaona mwenyewe."

Mwalimu akamwagiza afisa aandike kwamba kuna suala la mbuzi. Likajadiliwa mpaka chai ikapoa: mbuzi ni wa nani, nani awakamate, na wakikamatwa wakae wapi. Mwisho tukakubaliana kwamba mbuzi watafutiwe zizi. Bibi alisikiliza yote hayo, kisha akanigeukia. "Mwanangu, yaani mbuzi ndio wamepata nyumba?"

Kabla hatujamjibu, ikaja habari kwamba mgeni mkubwa wa serikali atapita kukagua maendeleo ya mji. Suala la vibaraza likawekwa pembeni, la kupendezesha mji likapanda juu. Pale kwenye kipilefti, ule mzunguko wa barabara karibu na soko, palikuwa na kifusi, tairi bovu na nguzo iliyoinama ambayo hakuna aliyejua iliwekwa na nani. Halmashauri ikataka tuweke mnara wa kuonyesha sifa ya Singida.

Afisa alitaka alizeti. Mwalimu alitaka kitunguu, kwa kuwa, alisema, kitunguu ni rahisi kuchonga na hakina majivuno. Mama wa hoteli aliwaangalia wote wawili kwa huruma.

"Niambieni ukweli," akasema. "Ni nani aliyewahi kushuka kwenye basi hapa akauliza, jamani, alizeti iko wapi? Watu wanashuka wanauliza kuku."

Tukapiga kura, kuku akashinda. Kura yangu ndiyo iliyompitisha, na nilimpa kuku kwa sababu kitunguu kingekula saruji nyingi zaidi.

Msanii wa sanamu hatukuwa naye. Tulimpata fundi kutoka Kinyangiri aliyesifika kwa kujenga matangi ya maji. Mwalimu alimwuliza kama aliwahi kutengeneza kuku. "Kuku ni tangi lenye shingo," fundi akajibu, na kusema kweli hatukuwa na hoja ya kumpinga.

Alifanya kazi kwa bidii kubwa. Alisuka nondo, akazungushia wavu wa kufugia kuku, akapiga plasta, akasugua mpaka tumbo likang'aa. Ndani lilikuwa wazi, kwa sababu yeye hakujua kujenga kitu ambacho ndani hakiko wazi. Na nyuma, chini kidogo ya mkia, aliacha tundu la mviringo lenye mfuniko wa bati.

"Hilo la nini?" afisa akauliza.

"La kuingilia mtu wa kusafisha."

"Kuku wa sanamu atasafishwa nini ndani?"

Fundi alimtazama kwa masikitiko. "Tangi bila tundu la kusafishia ni kazi ya kihuni, bosi. Mimi nina jina."

Mdomo wa saruji ulidondoka mara ya kwanza, ukadondoka tena, basi akachomeka jembe lisilo na mpini. Macho yalikuwa vile vioo vyekundu vya nyuma ya baiskeli. Upanga wa kichwani ulipakwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye duka langu, na mwili rangi ya kijani, kwa sababu nyeupe ilikuwa imekwisha. Siku ya kumfunua watu walikuja wengi. Walimzunguka kwanza. Kisha mzee mmoja mwenye baiskeli akauliza kwa upole kama bado hajamalizwa.

Mji uligawanyika. Wengine walisema ni bundi, wengine kobe aliyesimama. Wasafiri walioteremka stendi walimwuliza mama wa hoteli kama ndiye yule anayepikwa kwake, naye akageuza maneno, akawauliza wanataka wali au ugali. Mwalimu peke yake aliendelea kumwita "mnara wetu" bila kutabasamu.

Wakati huohuo bibi alitoweka kibarazani kwangu. Nilidhani amerudi kijijini, nikasikitika kuliko nilivyotegemea. Niliwauliza wenzake waliolala kibaraza cha jirani.

"Kahama," wakasema.

"Kahamia wapi?"

Wakatazama juu, wakatazama chini, mmoja akaanza kutafuta kitu kwenye kiatu chake.

Baada ya hapo ikaanza minong'ono kwamba kuku anakoroma. Aliyeanza kusema alikuwa muuza karanga aliyepumzika kwenye kivuli cha kuku baada ya chakula cha mchana. Alisema alisikia tumboni mwa kuku mngurumo mrefu, halafu kikohozi. Watu wakaanza kuzunguka mbali. Upepo wa Singida nao haukusaidia, maana ulipopita kwenye jembe la mdomo ulipiga mluzi, hivyo kuku alikuwa anapiga mluzi mbele na kukoroma nyuma. Kundi la waombaji lilikuja kukemea; akakoroma. Mzee mmoja wa msikitini akaja kusoma dua. Akakoroma, ila safari hii, watu walisema, kwa heshima kidogo.

Mwalimu hakuvumilia. "Mimi nimefundisha sayansi," akatuambia kwenye kikao cha dharura. "Saruji haikoromi. Twendeni."

Tulikwenda mchana kweupe, kamati nzima, tukiwa tumeongozana. Soko likatufuata. Mwalimu alizunguka kuku akiwa ameshika mikono nyuma kama anakagua bweni. Kweli, tumbo lilikuwa linanguruma. Akafika nyuma, akaondoa mfuniko wa bati, akainama, akaingiza kichwa. Halafu akaingiza mabega, ili aone vizuri. Hapo ndipo koti la suti lilipokunjamana kiunoni likawa kama kizibo.

Mngurumo ukakatika. Ndani ya kuku ikatoka sauti niliyoifahamu vizuri.

"Wewe nani unaingia kwa mtu bila hodi?"

Ikaja sauti ya mwalimu, imekuwa kubwa kwa sababu ya tangi: "Hodi."

"Hodi inapigwa nje! Wewe umeshafika nusu!"

"Samahani mama. Mimi ni mwenyekiti wa kamati."

"Na shikamoo yangu iko wapi, mwenyekiti?"

Watu waliosimama karibu wakashika midomo. Mwalimu hakuwa amempa mtu shikamoo pale mjini kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyepewa, asubuhi mpaka jioni, na wanafunzi wake wenye mvi.

"Mama, huenda tuko rika moja," akasema kwa uangalifu.

"Rika! Mwaka wa nzige, ulikuwa unatembea au unatambaa?"



"Nasikia nilikuwa natambaa."

"Mimi nilikuwa nachunga ndama."

Tulisubiri. Upepo ukapiga mluzi kwenye jembe.

"Shikamoo," kuku akasema kwa sauti ya mwalimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Tatizo ni kwamba hakuweza kukaribia. Alijaribu kuingia, akashindwa. Akajaribu kutoka, akashindwa. Miguu yake ilianza kupiga hewa taratibu, bado ikiwa na heshima yake, soksi zimevutwa vizuri. Na hapo sauti fulani kutoka upande wa mitumba, na mpaka leo hakuna aliyekiri kuwa ndiye, ikapaza: "Jamani, kuku anataga mwenyekiti!"

Sijawahi kuona soko likicheka namna ile. Muuza karanga alikaa chini. Wanawake walishikana mabega. Mimi niliuma kanga yangu, machozi yakanitoka, na aibu nilikuwa nayo pia, lakini aibu ilikuja baadaye.

Afisa alishika mguu wa kulia, mimi wa kushoto, tukavuta, viatu vikatubakia mikononi. Bibi akasema ndani kwamba yeye yuko tayari kusukuma, ila kwanza tumwambie anasukuma wapi, maana hajazoea kumshika mwanamume asiye mumewe. Mama wa hoteli ndiye aliyeokoa siku. Alikimbia stendi akarudi na kopo la mafuta ya kupikia, akamimina kuzunguka kiuno cha mwalimu kama anayekaanga, huku akimwambia, "Tulia, mwalimu, tulia, yanaingia."

"Mafuta gani hayo?" afisa akauliza, mguu mkononi.

"Ya alizeti."

"Si nilisema!" afisa akapiga kelele. "Si nilisema alizeti!"

Mwalimu alitoka kwa sauti ambayo sitaielezea. Alisimama, akavaa viatu, akafunga vifungo vya koti lililokuwa linadondosha mafuta, na watu wote wakanyamaza, kwa sababu nusu yao walikumbuka fimbo. Bibi akachungulia tunduni.

"Umeumia, mwanangu?"

"Hapana, mama. Asante."

Tulirudi ofisini tukakaa. Afisa alisema bibi atolewe leo hii kabla mgeni hajafika, kwa kuwa mnara wa serikali si nyumba. Mama wa hoteli akauliza nyumba ni nini basi, maana kuku ana ukuta, ana paa, ana mlango, na chumba chake yeye mwenyewe alichopanga mwanzoni hapa mjini hakikuwa na vyote vitatu. Nikaongeza kwamba saruji ile ilikuwa imara, naweza kushuhudia. Wote tukamtazama mwenyekiti. Alikuwa ameweka gazeti kitini ili asichafue, na mafuta yalikuwa yanapenya kwenye habari za michezo.

"Nimebisha hodi," akasema polepole, "nikakaribishwa. Siwezi kwenda kumfukuza mtu aliyenikaribisha kwake. Hata kama nilikuwa nusu."

Nilimpenda yule mzee siku ile, na nilikuwa mmoja wa waliochapwa.

Habari zilienea kwamba kamati imempa bibi kuku. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na foleni mlangoni kwa halmashauri. Yule mama wa basi la Itigi aliomba ng'ombe, kwa sababu ana mizigo. Vijana wa kibaraza cha jirani waliomba twiga wa kulala kwa ghorofa. Mzee mmoja alisema yeye hana makuu, kile kitunguu cha mwalimu kitamtosha. Afisa alijaribu kuwaeleza kwamba hakuna programu ya wanyama, wakamwuliza mbona ya mbuzi ilikuwepo.

Hapo ndipo, kwa uchovu zaidi kuliko hekima, tulipofanya kazi yetu ya pili. Tulishauri halmashauri itoe kipande cha ardhi upande wa Utemini, tujenge vyumba vidogo vya watu kuanzia maisha. Mimi nikatoa saruji, na baba aliposikia akatuma salamu kwamba sasa anarudi kweli, lakini hakurudi. Fundi alikuwa yuleyule wa Kinyangiri, kwa hiyo vyumba vyote vilikuwa vya mviringo, na kila kimoja kilikuwa na tundu la kusafishia. Havikutosha. Waliovipata ni wachache, na wengine walibaki vibarazani, na wengine wapya wakaja. Sitaki kusema uongo kwamba tulimaliza jambo. Lakini mama wa basi la Itigi alipata kimoja, na siku aliyohamia aliacha kuulizia basi.

Mgeni mkubwa alipokuja, bibi alikuwa bado hajahama kwenye kuku, na asubuhi ile alikuwa amefua. Kanga mbili zilining'inia shingoni mwa mnara wetu. Mgeni aliteremka garini, akamtazama kuku kwa muda, akazunguka, akauliza ni ndege gani huyu.

"Ni kuku wa Singida, mheshimiwa," mwalimu akasema.

"Mbona amevaa?"

"Asubuhi huwa kuna upepo, mheshimiwa."

Mgeni akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la kitaalamu, akapiga picha naye, akaondoka.

Bibi alihamia Utemini kuku alipoanza kuvuja kwenye mvua. Alitualika kamati nzima kunywa chai. Kilikuwa chumba kizuri, kimesakafiwa, kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, mlango una kitasa. Tulikaa kwenye mkeka, tukapongezana. Yeye alikuwa amesimama katikati na ufagio mkononi, uso umekunjamana.

"Mmenijengea vizuri," akasema, "lakini hebu niambieni. Kitu hiki nakiweka wapi? Chumba kizima hakina kona."

Mwalimu aliweka kikombe chini, akainuka, akauchukua ufagio, akaanza kuzunguka ukuta akiujaribu mahali hapa na pale. Kila alipouegemeza, uliteleza ukaanguka. Bibi alimfuata nyuma akimwelekeza, kushoto kidogo, hapana, rudi, na sisi wengine tukaendelea kunywa chai.